Wimbo wa Muhogo

Mwezi wa tisa uliopita nilipangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Lisekese, Masasi, na kila mwaka walimu tunabadilishana vituo ili mtu asisimamie watoto wake mwenyewe. Unaweza kutupwa popote. Safari hii nilipelekwa juu, upande wa Newala, na nilipotajiwa kituo nilicheka peke yangu, maana ndiyo shule niliyosoma, ile iliyo ukingoni kabisa mwa uwanda, ambapo ukisimama nyuma ya vyoo unaliona bonde la Ruvuma lote, na Msumbiji ng'ambo yake.

Nilipanda bodaboda mchana. Mikorosho ilikuwa na maua, harufu ya salfa waliyoipulizia ilikuwa bado hewani, na vumbi lile jekundu lilinipokea kama mtu wa nyumbani. Shuleni nikakuta maandalizi. Wewe kama hujawahi kusimamia mtihani huenda hujui: chumba cha mtihani hakitakiwi kuwa na kitu chochote ukutani. Mwalimu kijana alikuwa juu ya dawati anang'oa zana za kufundishia, zile tunazochora kwa kalamu za maka kwenye mifuko ya salfa iliyofuliwa. Ramani ikashuka. Jedwali la kuzidisha likashuka. Akafika kwenye picha ya mtu aliyepasuliwa tumbo, anaonekana koo, tumbo na utumbo umejiviringisha, akaniuliza, "Huyu naye atoke, madamu?"

Nikasema atoke. Halafu nikatafuta dawati nikakaa. Lilikuwa dawati la nyuma, la karibu na dirisha. Ndipo alipokuwa anakaa dada yangu.

Acha nikueleze, rafiki yangu. Si jambo la kukufurahisha, lakini nikikaa nalo peke yangu linanichoma.

Mimi na dada tulilelewa na bibi mzaa mama. Baba na mama walikuwa Chiwata kwenye mikorosho, sisi tukaachwa Newala kwa ajili ya shule. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri, ina uwanja unaofagiwa asubuhi kabla kuku hawajaamka. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi, na miezi ya njaa tulichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaimenya ikiwa ya moto. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, tulinyonya mpaka maji yakatiririka hadi viwikoni, na shati la shule likishika doa la bibo basi, utazikwa nalo. Mchana kutwa ungesikia michi ya watu wanaotwanga makopa, muhogo mkavu, nyumba hii na nyumba ile, kama watu wanaojibizana.

Na maji. Newala maji ni hadithi ndefu. Wakati ule akina mama walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshachomoza, na njia yao ilipita chini ya madirisha ya darasa letu. Tulizoea kuona ndoo zikipita dirishani bila kuwaona wenyewe. Tulijua huyu ni fulani kwa jinsi ndoo yake inavyoyumba.

Dada alinizidi miaka, lakini alirudia darasa mpaka nikamfikia, tukawa tunasoma pamoja. Hilo peke yake lilitosha kumfanya achekwe. Walimu walimwita kichwa maji. Nyumbani nako alikuwa hatumiki. Ukimtuma chumvi anarudi na salamu, ukimtuma ungo anarudi mikono mitupu, amesimama mlangoni anajaribu kukumbuka alikokwenda. Bibi alimgombeza hadi akachoka kumgombeza. Halafu siku moja bibi alikuwa anatwanga, mikono imeshughulika, akamtuma kwa kuimba, kwa utani tu, akifuata mapigo ya mchi: nenda kwa jirani, ungo wangu, kibiriti changu, umuulize mguu wake umepona? Dada akaenda. Akarudi na ungo, na kibiriti, na habari nzima ya mguu.

Bibi akaacha mchi katikati ya kinu, akamtazama. Kisha akacheka. "Kumbe mke mwenzangu huyu," alisema, "masikio yake ndiyo kichwa chake." Tangu hapo kila alichomtuma alikiimba, na majirani wakazoea kusikia nyumba yetu inaimba chumvi na mafuta ya taa.

Shuleni hakuna aliyeimba. Tulipangwa kwa alama, wenye akili mbele na wengine nyuma, na dada alikuwa nyuma dirishani, anatazama ndoo zikipita.

Tulipoingia darasa la tano akaja mwalimu mgeni kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa mrefu, mweusi tii, anacheka kwa sauti. Wavulana wakamjaribu kwa kumletea panya aliyebanikwa kijitini, wale panya wetu wa shambani, wakitaka kumwona akikimbia. Akauliza anatafunwa kuanzia wapi. Siku hiyohiyo tukampenda.

Lakini kitu chake hasa kilikuwa swali. Hakutuuliza nani wa kwanza na nani wa mwisho. Alimsimamisha mtoto mmoja mmoja akamuuliza, "Nyumbani unatumwa nini?" Tulidhani anatafuta mtu wa kumwosha vyombo. Mmoja akasema yeye hutumwa kutafuta mbuzi wakipotea. Mwingine hutumwa kupeleka habari za msiba, kwa sababu anajua ukoo mzima, nani ni nani kwa nani, hadi Masasi. Kulikuwa na mvulana aliyesema hatumwi, ila wakubwa wakienda kufukua panya wanamwita aguse udongo wa shimo aseme kama lina panya ndani au halina. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Hiyo ni akili," na siku tuliyosoma habari za udongo yule mvulana ndiye aliyesimama mbele, kifua kimetoka utadhani mkuu wa wilaya.

Mimi nikasema hutumwa kuwasomea majirani barua. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo akili ya shule. Ni nzuri, lakini ni moja tu. Usiringe."

Alikuwa na msemo aliotutungia. Alisema akili ni kama maji ya Newala. Nyumba hii inayachota bondeni, nyumba ile inakinga mvua ya paa kwenye birika lililochimbwa uani, nyingine inasubiri gari la maji. Yote ni maji, yote yanapika ugali. Mtu asimcheke mwenzake kwa sababu ya mahali alikochota. Kazi yangu mimi, alisema, ni kumwonyesha kila mmoja njia ya kwake ya kwenda majini.

Ilipofika zamu ya dada akasimama akanyamaza. Watu wakamjibia kutoka kila upande: "Hatumwi huyo, mwalimu! Anasahau!" Nikaona aibu kwa niaba yake, nikasema kwa sauti ndogo kwamba bibi humtuma kwa wimbo.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Wimbo gani?"

"Wowote, mwalimu," dada alisema. "Ukiimbwa tu, unakaa."

Sijui nikuelezeje miaka miwili iliyofuata. Ndiyo miaka pekee niliyomwona dada yangu akienda shule bila kusukumwa. Jedwali la saba aliliimba kwa wimbo wa kutwanga. Mito ya Tanzania aliiimba kwa sauti ya kaswida tuliyosikia chuo cha Kurani jioni. Mwalimu alimpa somo, yeye akalala nalo, asubuhi likaja limeimbika, na si yeye tu aliyelishika, bali sisi wote. Alipanda kutoka dirishani hadi dawati la katikati. Jirani yetu, mwanamke aliyeolewa kutoka kwao Chiwata, alikuwa anamsimamisha njiani amwimbie mito, halafu anacheka na kusema, "Huyu mtoto wenu atawatoa."

Na alihitaji kututoa, au angalau kujitoa mwenyewe. Baba alikuwa ameshatamka: darasa la saba hakuna kurudia. Akichaguliwa sekondari ataenda, asipochaguliwa ataolewa, na mwenye kumtaka alikuwa ameshaulizia. Dada alilijua hilo, mwalimu alilijua, bibi alilijua. Hofu ilikuwa moja tu, kwamba kwenye mtihani hakuna kuimba. Basi mwalimu akamfundisha kuimba ndani. Alimketisha baada ya masomo, mdomo umefungwa, anampa swali, na mimi niliyekuwa namsubiri mlangoni niliona koo lake likicheza kidogo tu, kama mtu anayemeza mate, halafu mkono unaandika. Na jibu linakuwa sahihi. Mwalimu alikuwa anapiga paja lake kwa furaha.

Likizo ya mwezi wa sita dada akaingizwa unyago. Bibi ndiye aliyekuwa kungwi mkuu wa pale kwetu, ngoma ilikaa nyumbani kwake, na nyimbo zote zilikuwa kifuani mwake, alizopewa na bibi yake. Mimi nilikuwa bado mdogo, nikafukuzwa nikalale kwa shangazi. Dada alitoka akiwa amepakwa mafuta, ana kanga mpya na mwendo mpya, anaangalia chini. Nikimuuliza kulikuwa na nini anajibu, "Utayajua siku yako." Nilimwonea wivu mpaka nikakataa kula naye.

Mwezi wa nane, mtihani ukiwa karibu, mwalimu akatufundisha safari ya chakula mwilini. Majina yakatushinda, kipi kinaanza na kipi kinafuata. Mwalimu akamgeukia dada. "Haya, mama, tutafutie njia."

Kesho yake asubuhi akaja na wimbo. Alisimama mbele, akafumba macho, akaanza polepole.

Muhogo, muhogo, umeingia kinywani,
meno yamekusaga, mate yamekulainisha,
koo limekumeza, tumbo limekupokea.
Utumbo mwembamba umekunyang'anya nguvu,
utumbo mpana umekunyang'anya maji.
Muhogo, muhogo, umebaki na nini?

Sauti yake sijui aliitoa wapi. Ilikuwa inashuka, inashuka, halafu mwishoni inapanda kama mtu anayeita. Nywele zilinisimama. Mara ya pili tukaitikia mstari wa mwisho, mara ya tatu wavulana wakaanza kupiga madawati, darasa zima likawa linaitikia, umebaki na nini, umebaki na nini, na mwalimu anapiga makofi, anacheka.

Ndoo zilikuwa zinapita dirishani. Moja ikasimama. Kisha ikashuka, tukauona uso wa jirani yetu wa Chiwata. Alikuwa ametua ndoo chini kwa nguvu mpaka maji yakamwagika, na pale kwetu, rafiki yangu, mtu hamwagi maji aliyoyapandisha mlima mzima. Hata hakuyatazama. Ndoo nyingine zikashuka, nyuso zikajaa dirishani. Mmoja alivuta kanga akajifunika uso. Dada akafumbua macho akawaona. Akaacha kuimba. Wavulana wao waliendelea kidogo, umebaki na nini, kwa sababu hawakujua.

Ulikuwa wimbo wa unyago. Maneno aliyaweka yake, lakini sauti ilikuwa ile wanayoimba akina mama wanapompeleka mwali kuogeshwa, sauti ambayo mwanaume haisikii maishani mwake, wala msichana ambaye hajaingia. Na wavulana walikuwa wameiitikia kwa kupiga madawati, na mwanaume mgeni akaipigia makofi.

Dada hakukusudia ubaya. Alidhani siri ni maneno. Maneno yale hakuyatoa hata moja, aliyafunga ndani kama alivyofundishwa, akachukua sauti peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, na jambo gumu lilihitaji sauti nzuri.

Jioni akina mama walikuja uwanjani kwa bibi wakakaa kwenye mikeka. Mimi nilikuwa jikoni, naona kwa upenyo wa mlango. Mwalimu naye akaja, peke yake, amevaa shati la kwendea mjini. Akasalimia, "Shikamooni mama zangu." Wakamwitikia marahaba kwa sauti ya chini, maana salamu hainyimwi mtu.

"Mimi ni mgeni," alisema. "Kosa ni langu, nipeni adhabu mimi. Mtoto hajatoa siri yoyote. Maneno ni ya shule, mama zangu. Ni ya muhogo tu."

Wakamtazama bibi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wao.

"Mwalimu, maneno ni nguo," alisema. "Mtu wako ukimvua nguo ukamvika nyingine, hutamjua? Sisi tumemjua. Tumemkuta amevikwa nguo za shule, anachezeshwa mbele ya wanaume."

"Sasa mama, tufanyeje? Mtihani uko mlangoni. Huyu mtoto bila kuimba hawezi. Wewe mwenyewe ndiye uliyegundua, kabla yangu mimi."

"Najua," bibi alisema. Alikuwa anajikuna kiganja, mazoea yake akiwa na uchungu. "Najua kuliko wewe."

Akatoa uamuzi. Wimbo ule umeshakanyagwa, hauna kazi tena, hautaimbwa na mtu yeyote mahali popote. Dada asiimbe kitu mpaka atakapotakaswa. Na yeye bibi, kwa kuwa mwali aliyeharibu ni mjukuu wake na alimwingiza yeye mwenyewe, anaiweka ngoma chini. Akaingia ndani akaitoa, akaikabidhi kwa jirani yetu wa Chiwata. Wanawake wengine walilia. Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena, akaondoka bila kuaga.

Hakuna aliyeliona shimo ndani ya uamuzi ule mpaka tulipokuwa tumeshatumbukia. Aliyejua kumtakasa mwali alikuwa kungwi mkuu tu, na kungwi mkuu alikuwa ameshaweka ngoma chini. Waliobaki, hata aliyepewa ngoma, kila mmoja alisema yeye hajafikia daraja hilo. Basi dada akakaa hivyohivyo, amezuiliwa, na mwenye kumfungulia hayupo. Tuliishi naye nyumba moja.

Mwalimu akahamishwa haraka. Alikuja kutuaga darasani, akajaribu kucheka, haikuwa ile sauti. Alipofika kwa dada akainama akamwambia, "Imba ndani, mama. Hakuna atakayesikia."

Dada akamjibu, na kwa kawaida hakuwa mtoto wa kumjibu mwalimu, "Nitasikia mimi."

Nyumbani bibi hakumtuma tena kwa wimbo. Nadhani alijaribu, maana siku moja nilimsikia akianza, nenda kwa jirani, halafu akakatiza akamalizia kwa kusema kama watu wengine. Dada akaenda, akasimama njiani, akarudi bila kitu. Bibi akachukua kanga akaenda mwenyewe. Niliyaona hayo yote nikamchukia bibi, nikamchukia sana, kwa muda mrefu. Leo simchukii. Alilinda kitu alichopewa, kama mwalimu alivyolinda alichokiamini, na dada akasagika katikati yao. Ningekuwa na mtu mmoja mbaya wa kumlaumu ningepumua.

Siku ya mtihani chumba kilikuwa kitupu na kimya kama kawaida. Mimi nilikaa mbele, dada nyuma, wamemrudisha dirishani. Swali la safari ya chakula likaja. Nikafungua mdomo ndani ya kichwa changu, wimbo ukaja wote, na sauti yake, na mapigo ya madawati, nikajaza majibu moja baada ya jingine. Nikageuka kumtazama. Koo lake lilikuwa limetulia. Alikuwa ameshika kalamu vizuri, anatazama njia ya maji, akitii.

Mimi nikachaguliwa. Dada hakuchaguliwa. Nilikwenda sekondari kwa wimbo wa dada yangu, na yeye akaenda kuolewa.

Kabla ya kuondoka, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, nikaingizwa unyago na mimi. Mambo ya mle siyasemi. Nitasema moja tu ambalo si siri, kwa sababu halikuwapo. Tulipofika kwenye safari ya kuoga, akina mama wakanyamaza. Nyimbo zilikuwa zimetuongoza njia nzima, pale zikakatika. Tulitembea tukisikia miguu yetu kwenye mchanga na maji yakichezacheza kwenye ndoo, hadi tulipofika walipoanza wimbo mwingine. Wasichana wenzangu walidhani ndivyo ilivyo siku zote. Mimi peke yangu nilijua nini kilikuwa kinakaa pale, nikauma kanga nisilie.

Nikawa mwalimu. Ungetegemea niseme kwamba nilirithi swali la yule mwalimu wetu. Nililijaribu. Mwaka wangu wa kwanza Lisekese nilimsimamisha mtoto mmoja mmoja nikamuuliza nyumbani unatumwa nini. Darasa lilikuwa limejaa hadi wengine wamekaa sakafuni, sikufika hata nusu kipindi kikaisha. Siku hizi kuna majaribio kila wiki, matokeo yanabandikwa, wilaya inauliza ufaulu umepanda au umeshuka. Ninawapanga kwa alama. Wale wa nyuma, karibu na dirisha, najua kila mmoja ana mahali anapochota, lakini sina muda wa kwenda naye, na mwisho wa mwaka nawasindikiza hivyohivyo. Huwa nawafundisha safari ya chakula kwa picha ya mfuko wa salfa, tena kwa fimbo ya kuonyeshea. Sijawahi kuwaimbia.

Mtihani wa safari hii ukapita salama. Nilitembea kati ya madawati, nikatazama makoo ya watoto moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yametulia. Tulipofunga bahasha nikaomba ruhusa nikaenda kwa dada.

Nilimkuta uani anabangua korosho, vidole vimeiva kwa mafuta ya maganda yake, vyeusi hadi kwenye kucha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mdogo wangu, akaniuliza kama watoto wameandika vizuri. Akanipakulia ugali wa muhogo na mbaazi, ladha ileile. Bibi tulishamzika. Jirani wa Chiwata alishakufa, na ngoma wamekaa nayo watoto wake, inawekewa mahindi. Unyago wa siku hizi unachezwa kwa spika zinazoletwa kutoka mjini.

Nikamweleza habari ya ule mfuko wa salfa wenye picha ya tumbo. Akacheka kidogo. Basi nikasema jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisema tangu utoto. "Dada, uimbe. Mara moja tu. Sisi wawili, wote tumeshaingia unyagoni. Hakuna tena wa kukukataza."

Mikono yake ikasimama juu ya korosho. Nikaona koo likicheza, lile koo. Akafungua mdomo. Kikatoka kitu, tukatazamana, ilikuwa sauti ya tangazo la redioni.

"Siyo huo," alisema mwenyewe.

"Siyo."

Akajaribu tena, ikaja kaswida. Akajaribu tena, akaachia njiani. "Anza wewe," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye kichwa, mimi nitadakia."

Nikaanza. Muhogo, muhogo, umeingia kinywani. Nikamtajia meno, mate, koo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, sikuruka hata kimoja, na nilipokuwa nataja nikasikia kwamba ninasoma tu, kama ninavyosoma darasani na fimbo mkononi. Inaposhuka sikujua inashukia wapi. Inapopanda sikujua inapanda vipi. Nikafika mwisho, umebaki na nini, nikamsubiri aitikie.

"Maneno ndiyo hayo hayo," dada alisema. Alisubiri kidogo, huenda sauti ingekuja, kisha akaokota korosho nyingine akaendelea kubangua.

Bibi alituambia, na mimi nilikuwa jikoni nikisikia kwa masikio yangu. Maneno ni nguo. Nguo ninazo zote, nimezikunja vizuri, haijachanika hata moja. Mwenye kuzivaa, ile sauti, ndiye hayupo, na dada yangu, ambaye ndiye peke yake aliyewahi kumtoa nje watu wakamwona, hamkumbuki tena sura.